Pikipiki Iliyomtukana Mzee Bwanausi

Ijumaa asubuhi, pale kwenye pampu ya petroli Bagamoyo, hapakuwa na pa kuweka mguu. Enzi zile, mwaka wa sabini na moja, lori la nazi, teksi ya Dar na mama mwenye dumu la mafuta ya taa wote walipanga foleni moja, na wote walikuwa na haraka. Biubwa binti Bwanausi alisimama katikati yao na dumu lake la mafuta ya taa, gauni lake la kijani likichungulia chini ya buibui, marashi yake yakishindana na harufu ya petroli. Alikuwa opereta wa simu pale posta, na alikuwa amekwisha kuchelewa kazini. Ndipo pikipiki nyekundu ilipoingia, ikapunguza mwendo, na bomba lake la moshi likalipuka: pa, pa-pa, paa! Mama mmoja alikaa chini. Punda wa muuza maji alitimka na mapipa yake.

Kijana aliyeshuka alikuwa mrefu, suruali ya bugaluu ameibana kwa vibanio vya nguo isije ikaingia kwenye mnyororo, nywele zimejaa vumbi jekundu la Lugoba.

"Nisameheni, mama zangu," alisema. "Inapiga nikipunguza mwendo tu."

"Basi usipunguze," akasema Biubwa.

Foleni ikacheka. Kijana naye akacheka, na hapo Biubwa akaona kwamba ana mwanya, na mwanya ule ukamharibia siku nzima.

"Nisipopunguza nitakugonga, dada."

"Ungethubutu. Ungeijua Bagamoyo."

Dereva wa lori akatoa ushauri bila kuombwa. "Tia supa, kijana. Hiyo ya kawaida ndiyo inayokusumbua. Supa ni petroli ya kiungwana, haina kelele." Wengine wakaitikia, maana kwenye foleni kila mtu ni fundi. Mwenye pampu akasema supa ilikuwa imemwishia, mpaka Dar.

Kijana aliitwa Mwishehe. Kwao ni Mkange, wakulima baba na babu, naye alikuwa bwana shamba Lugoba. Kila Ijumaa alileta taarifa zake ofisi ya wilaya. Asubuhi ile alilifunga dumu la Biubwa nyuma ya pikipiki akaisukuma mpaka posta, wakitembea sambamba, na Biubwa hakulalamika tena kwamba amechelewa.

Yaliyofuata yalipita kwenye waya. Simu ya ofisi ya Lugoba haikuwahi kuwa na kazi nyingi kama miezi ile.

"Bagamoyo hapa. Nambari gani?"

"Niunganishe na moyo wako."

"Laini hiyo ina kazi."

"Inazungumza na nani?"

"Na serikali. Weka simu chini, bwana shamba, watu wanasubiri."

"Weka wewe kwanza, mpenzi."

"Nikiweka mimi, wilaya nzima inanyamaza." Kisha kwa sauti ya chini: "Ijumaa utakuja?"

"Nitakuja. Nitakuonaje?"

"Pita kwetu baada ya alasiri. Mimi niko uani na mama, huwezi kuniona. Lakini nitakusikia."

Basi ikawa hivyo. Kila Ijumaa Biubwa aliketi juu ya mbuzi akikuna nazi, masikio yako barabarani. Mlio ukija, pa-pa, paa, alitabasamu peke yake, na mama yake alijifanya anatafuta chumvi. Wapenzi wa leo wenye simu mfukoni hawatajua utamu wa kungoja namna ile. Mlio ule ulimwambia kwamba mtu ametoka Lugoba, amekula vumbi njia nzima, kwa ajili yake.

Shida ilikuwa barazani. Nyumba ya Mzee Bwanausi ilikuwa kwenye kona, na kila alasiri alikunywa kahawa pale na jirani yake Mwinjuma na wazee wengine. Mwishehe alilelewa vizuri. Asingeweza kuwapita wazee kwa kasi akiwarushia vumbi. Kwa hiyo akifika mbele ya baraza aliachia mafuta, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamooni, wazee." Na hapo hapo, kwa sababu ameachia mafuta, pikipiki ikalipuka.

Mara ya kwanza wazee walishtuka, wakaitika. Mara ya pili Mwinjuma aliweka kikombe chini akasema, "Bwanausi, kijana yule anakuamkia kwa mdomo na kukujambia kwa bomba." Baraza zima likaangua kicheko. Mzee Bwanausi hakucheka, na kahawa ya siku ile haikumshuka.

Jumatatu simu ilikuwa fupi.

"Baba amesema anayemjambia barazani hataoa nyumbani kwake."

"Umemwambia nataka kuoa?"

"Ana macho, Mwishehe. Sikiliza. Wamekuja watu wa Pangani. Wananiposa kwa ajili ya Seleman, mwenye duka la vitambaa. Baba hajawajibu. Itulize hiyo pikipiki, kisha ulete wazee wako, upesi. Usipite tena na kelele zako ukanivunjia nyumba."

"Nitaituliza, roho yangu."

Alikwenda Dar kwa ajili hiyo tu. Akamwaga petroli ya kawaida, akajaza supa, na dumu lingine la supa akalifunga nyuma. Njiani kurudi alipunguza mwendo kwenye kila daraja kuijaribu, na kwenye kila daraja ikalipuka, tena kwa bei ya supa. Alisimama kando ya barabara akaitazama kwa muda mrefu, nusura aipige teke.

Ijumaa ile alipokaribia kona, alizima injini. Akashuka, akaisukuma kwenye mchanga mzito mpaka mbele ya baraza, akainama. "Shikamooni, wazee." Mzee Bwanausi akasema "Marahaba" bila kumtazama. Mwishehe akaendelea kusukuma mpaka kona ya pili, shati limemganda mgongoni, ndipo akaiwasha na kuondoka polepole. Alijiona ametimiza la kwanza aliloambiwa; la wazee lingefuata.

Uani, Biubwa alikuna nazi mpaka ikabaki kifuu kitupu. Hakusikia kitu. Ijumaa iliyofuata pia hakusikia kitu. Jumatatu simu ya Lugoba ikalia.

"Nambari gani?" aliuliza, sauti imekauka.

"Biubwa, ni mimi. Mbona hivyo?"

"Ulikuwa wapi Ijumaa?"

"Nilipita kwenu."

"Hukupita. Ungepita ningesikia. Mtaa mzima ungesikia."

"Nilipita, haki ya Mungu, ila..." Akasita. Aliona haya kumwambia kwamba ameigeuza pikipiki ya serikali kuwa mkokoteni.

"Ila nini? Sema umechoka, Mwishehe. Pangani hawachoki."

"Kama ni Pangani unayemtaka, nami niambie."

Biubwa akachomoa waya kwenye ubao. Mwishehe alipopiga tena, sauti ya mwanamke mwingine ilimjibu kwamba Biubwa hayupo zamu.

Jioni ile Mzee Bwanausi alisimama nje ya pazia la chumba cha binti yake. "Watu wa Pangani wanataka jibu," alisema. "Nikuulize wewe. Unasemaje?" Ndani palikuwa kimya. Akangoja kidogo, akakohoa, akaondoka. Katika nyumba zile kimya cha mwali ni ridhaa yake. Ndivyo mama zake na bibi zake walivyojibu. Akamwambia mkewe, "Ameridhia. Jumamosi nawapelekea neno."

Ijumaa, siku moja kabla ya neno kwenda Pangani, Mwishehe akaja tena anasukuma. Jua lilikuwa kali, na gurudumu la mbele lilizama mchangani mbele ya baraza kabisa.

"Wewe," akasema Mzee Bwanausi. "Petroli yako huishia hapa kila Ijumaa?"

"Haijaisha, mzee. Tangi limejaa supa."

"Sasa unasukuma nini?"

Mwishehe akafuta jasho. "Naona haya, mzee. Nikipunguza mwendo nikuamkie, inalipuka. Nisipopunguza, nimekupita kama mtu asiye na wazazi. Nikaona bora nisukume."

 Mwinjuma akatazama ndani ya kikombe chake. Mzee Bwanausi alijifunga kikoi vizuri, akashuka. Ujana wake wote aliumaliza kwenye chumba cha injini, melini, kati ya Tanga na Unguja.

"Iwashe. Haya, ongeza mafuta. Achia."

Pa-pa, paa.

Mzee akapeleka kiganja karibu na shingo ya bomba, pale linapoungana na injini. "Hapa inavuta hewa. Ukiachia mafuta, petroli isiyoungua inashuka bombani, inakutana na hewa, inalipuka. Gasketi tu hii, pete ya kuziba hapa, imekwisha. Nani kakwambia utie supa?"

"Kila mtu."

"Supa ni ya injini inayogonga ikipanda mlima. Yako inagonga?"

"Haigongi, mzee."

"Basi umetibu jino kwa dawa ya tumbo." Akainuka, akasema, "Nilijua toka siku ya kwanza kuwa ni gasketi. Nilikasirika kwa sababu Mwinjuma alicheka."

Uani mlio ule ulikuwa umefika. Biubwa aliacha nazi, akapita ukumbini mbio, akasimama nyuma ya mlango wa mbele, kanga kichwani. Maneno ya mwisho aliyasikia yote.

"Baba. Kumbe alikuwa anapita?"

"Ijumaa zote, anasukuma kama mchukuzi."

Biubwa akashika ubao wa mlango. "Watu wa Pangani usiwapelekee neno, baba."

"Nilikuuliza, ukanyamaza."

"Nilikuwa nalia."

Mzee Bwanausi akatazama mikono yake yenye masizi. Alikumbuka kwamba hakulifungua lile pazia. Hakuna mzee aliyekunywa kahawa wakati ule.

"Na huyu?" akauliza mwishowe, hakugeuka. "Nikikuuliza juu ya huyu?"

Mwali mwenye adabu angeinamisha uso akae kimya, na kila mtu pale angeelewa. Mwishehe alikazia macho usukani.

"Huyu namtaka," Biubwa akasema, kwa sauti iliyovuka barabara. "Nimesema kwa kinywa changu, mbele ya Mzee Mwinjuma na wenzake. Safari hii sinyamazi."

Mzee Bwanausi akamgeukia Mwishehe. "Wazee wako wako wapi, kijana?"

"Mkange, mzee."

"Nenda kawalete." Mwishehe akashika usukani, akaanza kusukuma. "Panda, bwana," mzee akamwambia. "Mkange mbali, na kesho Pangani wanangoja jibu."