Mfyulisi wa Mama na Ufagio wa Shufaa

Mdogo wangu Shufaa yuko darasa la sita. Kila asubuhi kabla ya shule anafagia uwanja wetu pale Mlandege, na anaukandamiza ufagio mpaka mistari inabaki kwenye udongo. Huku kwetu uwanja ukionekana na majani, majirani wanauliza kama nyumba hiyo haina watoto.

Katikati ya uwanja kuna mfyulisi mdogo, mti wa pichi, unamfika Shufaa begani. Mama aliuotesha kwa kokwa aliyopewa na bibi kabla hajafariki, na hatuna mwingine. Mama anapika kantini huko Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, kwa hiyo anarudi mara mojamoja. Alipoondoka alimwambia Shufaa, "Huo mti nakuachia wewe."

Basi mti ukaanza kunyauka. Majani yakajikunja, yakawa ya njano, yakadondoka. Shufaa akaongeza maji, wapi. Na kadiri majani yalivyodondoka ndivyo alivyozidi kuyafagia, mpaka mizizi ikatokeza nje. Chakula akawa anakichokoachokoa tu. Mara mama akapiga simu: Jumamosi nakuja.

"Sema mbuzi wa majirani, kina Rabson, wameula," Lea, rafiki yake wa nyumba ya pili, alimshauri.

"Hawajawahi kuingia humu."

"Mama yako atajuaje? Kwani mbuzi ataitwa ajitetee?"

Shufaa hakucheka.

Jumamosi mama akashuka kwenye bodaboda, begi begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?" Kisha akauona mti. "Shufaa, huu mti umefanywa nini?"

"Mbuzi..." Akatazama miguu yake. "Hapana, mama. Hakuna mbuzi. Namwagilia kila siku, nafagia kila siku, na bado unakufa. Sijui nakosea wapi." Akaanza kulia.

Mama akachuchumaa, akakwaruza gome kwa ukucha. Ndani kulikuwa na ukijani. Akapitisha kidole kwenye ile mistari ya ufagio.

"Unafagia mpaka hapa shinani?"

"Mpaka shinani."

"Basi umefagia na udongo wake. Maji yanakimbia, jua linachoma mizizi. Ila bado uko hai. Leta jembe."

Wakarudisha udongo, halafu wakaenda kwa wauza miche barabarani. "Tunataka kitu cha kufunika pale chini," mama alisema. "Chagua wewe."

Shufaa akakimbilia jeraniamu ndefu yenye maua mekundu makubwa.

"Hiyo ikikua itakufika kiunoni," mama akamwambia. "Itagombania maji na mgonjwa wetu."

Akairudisha haraka. Akazunguka muda mrefu, anashika hiki, anaacha, anaogopa kukosea tena. Mwisho akasimama kwenye jeraniamu fupi, yenye majani madogo yaliyojibana pamoja, imeshaanza kutambaa nje ya kopo lake.

"Dada, hii inavumilia baridi?"

"Hizo zimekaa nje Juni yote," alijibu muuzaji. "Zipo tu."

"Basi hii, mama. Itatambaa chini, haitauzidi mti. Na mimi nikija na ufagio, sitapata pa kufagia."

Mama akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, akanunua makopo kadhaa wakaipanda kuzunguka shina.

Safari iliyofuata mama alikuta jeraniamu zimeshikana, udongo chini yake una unyevu, na mfyulisi umetoa machipukizi. Shufaa akamsogelea.

"Mama, ningesema ni mbuzi ingekuwaje?"

"Ningejenga uzio," mama alisema. "Na wewe kesho yake ungeingia ndani ya uzio na ufagio wako, mti ungekufa huku tunamlaumu mbuzi. Uliposema kweli ndipo nikajua pa kutazama. Mambo yakiharibika sema, mwanangu, hata kama hujui umekosea wapi. Tutatafuta wote."