Flora wa Manyoni

Sultani alikanyaga kitenge cha Mwantum mbele ya duka la baba yake, soko kuu la Singida, msimu wa alizeti, watu wamejaa hata pa kuweka mguu hakuna.

"Kaka, hiyo mali ya watu!"

"Basi nakinunua."

"Utamvisha nani?"

"Wewe, ukiridhia."

Mwantum akacheka, ushungi ukamteleza begani. Mapenzi yakaanzia hapo.

Sultani alikuwa fundi wa kompyuta wa kampuni iliyonunua alizeti, miaka ile wanunuzi binafsi walipokuwa wakigombania wakulima na simu za mkononi zikianza kuzagaa. Jioni moja wanakula mishikaki, simu yake ikalia.

"Flora, la Iramba limejaa mno. Tuhamishe kidogokidogo, mtu asishtuke. Njoo kesho, tutashinda wote."

Mwantum akaweka mshikaki chini. "Flora ndiye nani?"

"Wa ofisi ya Manyoni, mpenzi. Kumbukumbu za wakulima tumezigawa mafungu, kila wilaya na lake. Iramba wameongezeka, fungu lao limelemewa, kompyuta inajikokota. Mengine yana nafasi tele. Tunagawa upya."

"Na Flora yumo fungu gani?"

Kesho yake Mwantum alivaa kitenge kile, akajipaka wanja, akaenda ofisini. Akamkuta Flora ndani ya gauni jekundu, kiti chake kimegusana na cha Sultani.

"Sultani, toka nje tuongee."

"Siwezi, laazizi. Tumefika katikati. Tukiacha sasa, wakulima wa Misigiri, kule Iramba, kumbukumbu zao zitabaki nusu huku, nusu kule, na wao wako dirishani wanauza."

"Basi baki naye!"

Akazima simu. Dukani akawa anakata vitambaa kombo, wivu unamtafuna, gauni jekundu haliondoki machoni.

Mwisho Flora akaja mwenyewe, akamwamkia baba shikamoo.

"Wifi, kazi imekwisha. Narudi Manyoni kwa mume wangu. Huyu kaka kila saa ananiuliza, 'Atanisamehe?' Nimechoka."

Sultani alikuwa mlangoni, haingii, hatoki.

"Mbona hukunifuata siku ile?" Mwantum akauliza.

"Ningeharibu mali ya watu."

"Na mimi je?"

"Wewe nataka kukuoa. Nimtume mshenga?"

Mwantum akamtazama Flora toka utosini hadi kwenye viatu.

"Mtume. Ila huyu asiwemo kwenye msafara."

Flora akacheka. Mwantum hakucheka.