Spea ya Mtoto

Hata jogoo hajawika, cherehani ilikuwa ikilia: tatata, tatata. Mshonaji alikuwa akimalizia sare za shule, na tumbo lake la miezi minane liligusa meza.

Mumewe, fundi saa, alimwekea mto mgongoni. Watu walimwita Bwana Spea, maana hakutupa hata skrubu iliyokatika.

"Mama kijacho," alisema polepole, "tuiuze hiyo cherehani."

Mguu wa mkewe ulisimama. "Halafu nishone kwa meno?"

Fundi alitoa karatasi ya kampuni moja. Damu inayobaki kwenye kitovu na kondo mtoto anapozaliwa ingegandishwa na kutunzwa miaka mingi, kwa ada kubwa. "Mwanetu akiugua, spea yake ipo. Mzazi gani atakataa?"

Mshonaji alimpenda mtoto wake tangu hajamwona, na cherehani ndiyo iliyowalisha. Kulipokucha, alimwita jirani yao mkunga.

Mkunga aliisoma karatasi yote, hata maandishi madogo.

"Shemeji, saa ikitoka kiwandani na kasoro, utaitengeneza kwa kipuri cha saa hiyo hiyo?"

"Si kitakuwa na kasoro ile ile?"

"Basi. Ugonjwa wa kurithi umo pia kwenye damu ya kitovu cha mtoto huyo. Ni nadra sana mtoto kuja kuitumia damu yake mwenyewe."

"Kumbe wametudanganya," alisema mshonaji.

"Si yote, mdogo wangu. Damu hiyo hutibu baadhi ya magonjwa ya damu, ila mara nyingi hutoka kwa mtu mwingine. Mngekuwa na mtoto mkubwa mwenye ugonjwa kama huo, ningewatuma kwa daktari mapema. Na penye benki ya umma ya damu hiyo, mama huichangia bure, akamwokoa asiyemjua."

"Sasa yetu itupwe?" aliuliza Bwana Spea, na neno hilo lilimchoma mwenyewe.

"Nani kasema? Mtoto akizaliwa salama, tunangoja dakika moja hadi tatu ndipo tukate kitovu. Damu inamwingia mwenyewe, na kumpunguzia hatari ya kupungukiwa damu."

Fundi aliikunja karatasi. "Shona, mke wangu."

Mwezi uliofuata alizaliwa binti mwenye sauti ya tarumbeta. Mkunga alisubiri kama alivyoahidi, kisha akakata kitovu.

Baada ya wiki moja alikuja kuwaona. Mama alikuwa amepumzika, na mtoto alinyonya vizuri.

"Kesho uje tena, shemeji," fundi alimwomba mlangoni.

"Ya nini? Mtoto mzima kabisa."

"Mtoto mzima. Ila mimi, kufunga nepi bado kunanishinda."