Miguu ya Upande wa Kulia

Usiniulize iliwezekanaje. Haya yalimpata rafiki yangu mtafiti wa viumbe vya bahari, mwanamke mwenye roho ngumu. Mchana huo alikuwa na kamba mdogo kama punje ya mchele, wa aina ambayo hakuna aliyewahi kuieleza. Kwa kawaida humuua kwanza kwa spiriti, kisha humng'oa miguu ya upande wa kulia ili kuichora. Lakini spiriti hufifisha rangi, basi akaanza kumng'oa akiwa hai.

“Muue kwanza, dada, unamtesa bure,” mwenzake wa maabara akamsihi.

“Kwani amekulalamikia?”

Kila kibanio kilipomgusa, kamba alifyatua gando lake, ta! Likamkera mtafiti, akaling'oa nalo. Mwenzake akashindwa kuvumilia, akatoka.

Mtafiti akiwa anaipanga miguu kwenye kipande cha kioo, umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Giza likawa totoro.

Ta!

Akajiambia ni bomba la maji.

Ta! Karibu na kiwiko chake.

Ta! Kidole kikaingia ganzi.

Taa ziliporudi, kamba alikuwa amekufa. Miguu ilikuwa palepale kwenye mstari wake. Mwishoni mwa mstari, baada ya gando, palikuwa na ukucha mzima wa mtu, bila tone la damu, wenye rangi nyekundu aliyojipaka rafiki yangu asubuhi.