Mkono wa Badiru Ulivyopimwa

Stesheni ya Tororo si mahali pa adabu pa kuanzia mapenzi, lakini ndipo yalipoanzia. Marobota ya pamba yalikuwa yakishushwa, wachukuzi wanatukanana, na Hajara anakatiza katikati yao na mtandio wake wa njano, upepo umeujaza tele.

"Dada, mtandio wako umenifungia njia," Badiru alimwambia kutoka kwenye usukani wa lori.

"Lori la Mhindi, barabara ya serikali. Wewe chako kipi?"

"Macho tu. Nayo umeshayachukua."

Hajara alijifanya amekasirika mpaka alipofika kona.

Posa ilikuwa imeshapokewa kiharusi kilipomwangusha Badiru. Upande wote wa kulia ulikufa. Hospitalini dresa, yule msaidizi wa daktari, alimwambia ainue mkono, aguse pua, atembee toka kitandani mpaka mlangoni, na miezi ilivyokwenda akasema mgonjwa anaendelea vizuri. Hajara alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Alimshikisha ncha ya mtandio, kisha akavuta.

"Ukiachia naolewa na mwingine," alimtania.

"Vuta basi, mpenzi. Utapasua nguo bure."

Na siku moja ulipasuka kweli, wakacheka mpaka dresa akawafokea.

Lakini baba yake Hajara, Mzee Muniru, fundi wa koroboi na ndoo za bati, hakutaka kusikia habari za dresa.

"Kugusa pua ni mambo ya wazungu," alisema. "Nikaha ni mkono. Mkono yake ndani ya mkono yangu. Siku atanishika nikasikia nimeshikwa, Ijumaa hiyo anachukua mke."

Hakuna aliyepinga, kwa sababu kipimo kilionekana cha haki.

Badiru alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Hajara alichungulia nyuma ya pazia. Mikono ikakutana, jasho likamtoka Badiru kwenye paji la uso.

"Umeanza?" Mzee aliuliza.

"Nimeanza, baba."

"Mi sisikii kitu."

Badiru aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Kama baba hasikii, basi haujapona," alisema, akaondoka.

Hajara aliwaka. Mkono uliopasua mtandio juzi, leo umekosa nguvu? Amelegeza makusudi. Akufukuzaye hakwambii toka. Kiburi kikamzuia kuuliza, na kiburi hichohicho kikamwoza kwa Sowedi, muuza vitambaa wa Busia, mtu mwema asiyejua kutania.

Mwaka uliofuata alikuja kumsalimia baba yake, akamkuta anachomelea ndoo. Akanusa nyama inaungua. Kiganja cha Mzee kilikuwa kimelalia chuma cha moto, naye anauliza tu habari za mkwewe.

"Baba, mkono!"

Mzee aliuondoa polepole. "Huu ulishakufa zamani. Moto wa miaka yote hii. Mi nafanya kazi na macho."

"Na siku ile ya Badiru?"

Mzee aliweka chuma chini. "Hiyo sikufikiri, mwanangu," alisema. Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ndio uliomchoma Hajara.

Alikwenda mbio mpaka kwa Badiru. Alimkuta amekaa nje kwenye kigoda, mkono wa kulia umejikunja mapajani. Akamweleza yote bila hata kuketi.

"Nishike," alimalizia.

Vidole havikufunguka. Badiru alikuwa ameacha kuufanyisha mkono ule kazi tangu siku ile.

"Kwa nini hukusema kwamba ulikaza?" Hajara alilia.

"Sikujua kama nimekaza. Mkono huu tangu nianguke haunipi habari. Ningebishana na mzee kwa lipi?" Akamtazama. "Wewe ndiye uliyejua. Wewe uliuvuta."

"Nilidhani hunitaki."

"Basi ungeniuliza, mpenzi. Ulimi wangu ulikuwa mzima."

Hajara alipiga magoti, akaanza kuvinyoosha vidole vile kimoja kimoja. Badiru akauondoa mkono kwa mkono wake wa kushoto.

"Mimi nilishakubali kwamba ni Mungu," alisema. "Nikawa nalala usingizi. Leo umekuja kuniambia ni sisi. Rudi kwako, mke wa watu."

Hajara alirudi Busia na lori la jioni. Sowedi alipomuuliza habari za Tororo, alisema mzee ameungua mkono kidogo.