Blauzi za Mikono Mirefu

Kila jioni, akishavua sare, Rula aliketi karibu na cherehani akishona vifungo, huku bibi yake akiunga mashati. Bibi alikuwa fundi wa sare za shule, na ndiye aliyempa mjukuu jina hilo kwa wembamba wake. "Ukisimama kiubavu sikuoni," alizoea kumtania.

Siku hizo utani ulikuwa umepungua. Tangu abadilishiwe dawa ya presha, bibi alitokwa na mabaka meusi mikononi, kama mtu aliyepigwa. Badala ya kurudi kliniki, alifanya alichokijua: alijishonea blauzi za mikono mirefu.

"Usimwambie mama yako," alimwonya Rula. "Atanizuia kushona, na kazi za watu zimejaa."

Rula aliahidi, na ahadi hiyo ikamnyima raha. Aliona mabaka yakiongezeka, akaogopa, lakini aliogopa pia kumsaliti bibi yake.

Jioni moja sindano ilimchoma bibi kidoleni. Kwa fundi hilo ni jambo la kawaida, lakini safari hii damu haikukatika. Bibi alifunga kitambaa, kikalowa. Akafunga kingine, nacho kikalowa. Alipofungua kinywa kusema, Rula aliona fizi zake nazo zinavuja.

"Itakata tu," bibi alisema, akitafuta kitambaa cha tatu.

"Nisamehe, bibi. Namwita mama."

"Si uliniahidi?"

"Niliahidi. Nikasirikie tu, lakini usife!" Rula alitoka mbio huku akilia.

Hospitalini, Rula alieleza yote, tangu dawa mpya hadi mabaka. Daktari alikunja mikono ya ile blauzi, akatikisa kichwa. Vipimo vilionyesha kwamba chembe zinazogandisha damu zimepungua mno.

"Ni ile dawa mpya, bibi," alisema. "Huwatokea watu wachache sana. Tunaisimamisha, tutakupa nyingine. Ungechelewa, damu ingeweza kuvujia kichwani."

Mama alimgeukia Rula. "Kumbe ulijua muda wote huu?"

"Mwache mtoto," bibi alisema. "Nilimbebesha mzigo usiokuwa wake."

Bibi alilazwa mpaka damu yake ikarudi sawa. Siku ya kuruhusiwa alimshika Rula mkono.

"Mjukuu wangu, dawa ikikuletea jambo usilolielewa, usilifiche, wala usiiache dawa kimyakimya. Mwambie daktari. Na mtu mzima akikuomba umfichie ugonjwa, mkatalie."

"Hata wewe, bibi?"

"Mimi wa kwanza."