Mikono Aliyopewa

Asubuhi Bazilio alipofungua tanki la pikipiki ya Abdalah, hakusikia harufu ya petroli. Alisikia marashi ya waridi. Akainama, akanusa tena. Akamwaga yote, akaosha tanki, akajiambia labda kidumu kilikuwa kichafu.

Ilikuwa pikipiki ya bodaboda tu. Tangu masika alikuwa akiiandaa kwa mbio za Kibondo: alichonga silinda hedi ili injini iongeze nguvu, akabadilisha kabureta na sproketi, akang'oa madigadi, vioo na kila chenye uzito. Abdalah, rafiki yake tangu wakichunga mbuzi pamoja Muyama, ndiye angeiendesha. Jioni waliipima kwenye lami iliyonyooka nje ya Kasulu, na kila jioni muda ulipungua, hata siku ambazo Bazilio hakuwa amegusa kitu.

"Ni mikono yako hiyo, fundi," Abdalah alisema, akaishika na kuibusu.

Bazilio aliamini. Alitembea kifua mbele.

Kisha vidole vikaanza kufa ganzi. Spana ikamponyoka, baadaye hata kijiko. Mkewe Ernesta akawa anamlisha.

Jioni moja Ernesta aliacha kukoroga maharage. "Baba Evaline," alinong'ona, "pikipiki ya nani hiyo inanguruma nyuma ya nyumba?"

Bazilio alitoka, na pale uani hapakuwa na pikipiki wala mtu, ila mngurumo wa pikipiki ya Abdalah, alioufahamu kuliko sauti ya mama yake, na harufu ya waridi, na juu ya vumbi alama ya tairi ikijichora yenyewe, polepole, ikizunguka jiko, ikipita chini ya kamba ya nguo, ikimjia yeye mpaka ikagusa vidole vya miguu yake ikasimama.

Kesho yake Ernesta alimpeleka kwa Bi Zuhra, mganga aliyehamia mjini kutoka pwani. Bi Zuhra alimfukiza ubani, akauliza, "Wewe uliye humu, umefuata nini?"

Kinywa cha Bazilio kilifunguka bila yeye kutaka. Sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Sikufuata. Nimepewa mikono hii."

"Na nani?"

"Na anayenipanda."

Abdalah aliitwa, akaja. Hakukana.

"Waganga walionipa jini waliniambia mbio zinataka mikono ya mtu," alisema akitazama sakafu. "Ningetoa mikono yangu, ningeendeshaje?"

"Mimi nilikuwa nakutengenezea wewe," Bazilio alisema.

"Mwanangu," Bi Zuhra alimgeukia Abdalah, "aliyempa jini mikono hii ndiye wa kuirudisha. Sema kwa kinywa chako kwamba jini huyu ni wako, atamwacha mwenzako. Bila wewe mimi siwezi."

Abdalah alichukua kofia yake ngumu ya pikipiki.

"Baada ya mbio," alisema, akatoka.

Jumapili Bazilio aliketi barazani, mikono imelala mapajani kama mizigo ya mtu mwingine. Jirani aliyekuwa akifuatilia mbio kwenye simu alipiga kelele kutoka ng'ambo ya uzio: mbio zinaanza Kibondo, Abdalah yuko mstarini!

Mkono wa kulia wa Bazilio ukainuka. Hakuuinua yeye. Ulikunja ngumi hewani na kuanza kusokota, kama wa mtu anayevuta mafuta kwenye usukani wa pikipiki, ukizidi na kuzidi, huku Ernesta ameudandia kwa mikono yote miwili akilia, asiweze kuushusha.

"Ameshinda!" jirani alipaza sauti hatimaye. "Abdalah ameshinda!"

Mkono haukuacha kusokota.